Barua ya wazi kwa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki: tuonyesheni hesabu kabla ya kufunga mpaka

Waheshimiwa Marais,

Shikamooni.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga, upande wa Tanzania. Kazi yangu ni kumtolea mtu mzigo wake: naingiza nyaraka kwenye mfumo, nafuatilia cheti cha uasili wa bidhaa kinachoonyesha imetengenezwa wapi, nasimama na dereva wakati wa ukaguzi, nalipia ushuru pale unapodaiwa. Kwa kazi hii, nchi zetu zikianza kununiana naona mapema kuliko watu wengi. Habari huwa imeshafika kwenye foleni ya malori kabla haijasomwa redioni.

Nawaandikia kwa sababu neno "tujitoe", yaani kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, limekuwa jepesi mno midomoni mwa watu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, ambao Kongo inasema wanasaidiwa na Rwanda, na tangu hapo Kongo na Rwanda kukaa meza moja kama wanachama wa Jumuiya imekuwa shida. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo huduma za kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu na saluni, na majirani zetu wa Kenya wakalalamika kwamba Soko la Pamoja limevunjwa. Kila linapotokea jambo kama hilo, atasimama mtu wa upande huu au ule aseme: Jumuiya hii ina faida gani? Tutoke, hatupotezi kitu.

Kwa heshima zote, Waheshimiwa, tunapoteza. Wala sisemi kwa kubahatisha, maana Afrika Mashariki ilishawahi kuvunja nyumba yake, na gharama za kuvunja zipo mbele ya macho yetu mpaka leo kwa anayetaka kuziona.

Jumuiya ya kwanza haikuwa mchezo. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala Juni 1967, lakini chini yake kulikuwa na umoja wa forodha wa Kenya na Uganda ulioanza 1917 na ambao Tanganyika iliingia kikamilifu mwaka 1927. Tulikuwa na reli moja, shirika moja la bandari, posta na simu moja, ndege za shirika moja la East African Airways. Makao ya reli na ndege yalikuwa Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala, na ofisi kuu ya Jumuiya Arusha. Mtu aliajiriwa Kisumu, akahamishiwa Tabora, akastaafia Entebbe, na utumishi wake ukahesabika kuwa mmoja.

Ukisoma jinsi ilivyokufa utaona kwamba haikufa siku moja. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na mkutano wa marais watatu, uliokuwa ndio chombo cha juu kabisa, haukufanyika tena. Mashirika yakaendelea kufanya kazi bila wakubwa kukutana. Kisha pesa zikaanza kukwama. Kila nchi ilianza kushikilia mapato yaliyokusanywa ndani ya mipaka yake badala ya kuyapeleka makao makuu, huku madeni ya mashirika yakibaki ya wote. Ndege zilikosa vipuri, reli ikagawanyika vipande kabla hata ya sheria kusema imegawanyika. Mapema 1977 East African Airways ilisimama. Februari mwaka huohuo Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikafunga mpaka na kukamata ndege na magari ya watalii yaliyokuwa upande wake. Ilipofika mwisho wa Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na ikawa basi.

Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mtoto aliyezaliwa Namanga wiki ile ulipofungwa alishaanza shule ulipofunguliwa.

Naomba mtazame gharama zenyewe moja baada ya nyingine, kwa sababu hotuba za "hatupotezi kitu" hazizitaji.

Kwanza ni kugawana mali. Ilibidi atafutwe msuluhishi kutoka nje, Dakta Victor Umbricht, raia wa Uswisi, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini Arusha Mei 1984. Miaka saba ya kuhesabu mabehewa, majengo, meli na madeni! Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Katika miaka hiyo saba mali yenyewe ilikuwa inachakaa. Ndege nne za Super VC10, fahari ya shirika letu, zilirudi Uingereza kwa waliotudai na kuishia kuwa ndege za Jeshi la Anga la Uingereza za kujazia nyingine mafuta angani. Meli pacha za kubeba mabehewa kwenye Ziwa Victoria ziligawanywa: MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja ikabaki Tanzania. Kila moja ilikuja kulala bandarini miaka mingi, na zimefufuliwa juzijuzi tu, katika miaka ya mwisho ya 2010. Reli ya kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, iliyounganisha Mombasa na Moshi, ilikosa kazi.

Halafu hesabu ya vitatu vitatu. Palipokuwa na shirika moja la ndege pakawa na matatu, na yote matatu yamekuwa yakibebwa na hazina za serikali kwa vipindi virefu. Uganda Airlines ilikufa kabisa mwaka 2001, ikafufuliwa 2019. Mtu anaweza kuniambia kwamba kila nchi ina haki ya kuwa na ndege yenye bendera yake. Ni kweli. Lakini bei ya haki hiyo imelipwa na mlipa kodi kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kusikia mwaka 1977 kuna waziri aliyesimama bungeni akamwambia mlipa kodi huyo kwamba bei yake itakuwa kiasi gani.

Kenya nayo, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyofaidika, ilipoteza soko la Tanzania na ilipoteza njia ya kupeleka bidhaa zake Zambia kwa barabara. Tanzania ilitumaini kwamba mtalii aliyekuwa akishukia Nairobi sasa atashukia moja kwa moja uwanja wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971. Badala yake watalii walipungua, na hoteli za kaskazini zikakaa tupu. Lango la Bologonja, alilokuwa akipita mtalii kutoka Maasai Mara kuingia Serengeti, lilifungwa wakati ule na halikurudi kuwa njia ya watalii. Nyumbu wanavuka pale kila mwaka. Binadamu mwenye pasipoti na dola zake anazungushwa hadi Namanga au Isebania.

Gharama inayoniuma zaidi ya zote ni ya wazee wetu. Maelfu ya wafanyakazi wa ile Jumuiya walipoteza ajira kwa kosa ambalo halikuwa lao. Makubaliano ya 1984 yalisema kila nchi iwalipe raia wake pensheni na haki zao kutoka kwenye fungu lake. Hapa Tanzania "wazee wa Afrika Mashariki" likawa jina la kundi ambalo kila mtu mzima analijua: wazee waliokuwa wakikusanyika Dar es Salaam na mafaili yao ya plastiki, wakienda mahakamani, wakirudi, wakilala nje. Hati ya makubaliano ya kuwalipa ilisainiwa 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika, na hata baada ya hapo wengine walirudi mahakamani wakisema walichopewa ni pungufu. Wengi walikufa wakidai. Fundi wa reli aliyeweka taa ya treni usiku kwa miaka ishirini hakuhudhuria mkutano wowote wa kuvunja Jumuiya, lakini ndiye aliyelipa, na akishakufa yeye, mjane wake akaendelea kulipa.

Sasa nije kwenye meza yangu ya kazi, kwa sababu naona wengi hawajui Jumuiya inamfanyia nini mtu mdogo.

Chukueni mama mfanyabiashara wa Arusha anayeleta sabuni na bidhaa za plastiki kutoka kiwandani Nairobi. Mzigo wake una thamani ya shilingi milioni moja za Tanzania. Kwa kuwa bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na ana cheti rahisi cha uasili, ambacho hutolewa palepale mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ushuru wa forodha ni sifuri. Analipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 180,000, pamoja na tozo ndogondogo. Ondoa Jumuiya. Mzigo uleule unakuwa mzigo wa kutoka nje, na kwa bidhaa iliyokamilika ushuru wa kawaida wa pamoja ni asilimia 25, yaani 250,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani inapigwa juu ya 1,250,000, nayo inakuwa 225,000. Jumla 475,000. Kutoka 180,000 hadi 475,000, kwa sabuni ileile, barabara ileile, lori lilelile. Na siku hizi zipo bidhaa zinazotozwa asilimia 35.

Mama huyu faida yake haifiki hiyo tofauti. Ana njia tatu: apandishe bei na mteja wake wa Ngarenaro akimbie, aache biashara, au apite njia za panya na bodaboda usiku. Wengi watachagua ya tatu. Serikali itakosa hata ile 180,000 iliyokuwa ikiipata, askari wataongezwa mpakani, na mama huyo ataanza kulipa watu ambao hawaandiki risiti. Sisemi nadharia. Magendo ndiyo yaliyoshamiri mpaka huu ulipokuwa umefungwa, na wazee wa Namanga na Longido wanasimulia mpaka leo vichochoro vya wakati ule.

Wanaosema biashara baina yetu ni ndogo, takriban asilimia 15 tu ya biashara yote ya nchi wanachama, huichukulia hiyo kuwa sababu ya kutoijali. Ningeomba waangalie ni biashara gani. Tunachouza Ulaya na Asia ni dhahabu, kahawa, chai, maua, vitu ambavyo mwenye kuviuza ni kampuni au ushirika mkubwa. Tunachouziana sisi kwa sisi ni mahindi, vitunguu, machungwa ya Muheza, mayai ya Uganda, maziwa, saruji, sabuni, mabati. Humo ndimo mtu mwenye mtaji wa kikoba anapopata nafasi.

Sasa naomba nilisogelee lile lililonifanya niandike. Mkataba wa 1999, uliofufua Jumuiya, una Ibara ya 145 inayohusu mwanachama kujitoa. Inataka azimio la Bunge la nchi hiyo linaloungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Ni masharti ya busara: yanalazimisha watu kufikiri. Kwa hiyo hakuna nchi iliyowahi kuyatumia. Tulichofanya badala yake ni kujitoa nusunusu, kwa amri ya siku moja, bila Bunge, bila notisi na bila hesabu.

Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa kwa malori. Ulifunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Hakuna nchi kati ya hizo mbili iliyotoka kwenye Jumuiya, bendera zao zilipepea Arusha kama kawaida, lakini mauzo ya Uganda kwenda Rwanda yaliporomoka karibu hadi kwisha, na mji wa Katuna, upande wa Uganda, ukabaki maduka yaliyofungwa kufuli. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Mwaka 2017 hapahapa Namanga maofisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, kwa hofu ya mafua ya ndege. Sibishani kwamba sumukuvu inaua na magonjwa ya mifugo ni hatari. Serikali isiyolinda afya ya watu wake haifai. Nachosema ni kwamba kila amri ya ghafla ina mtu anayeilipia, na mtu huyo hatajwi kwenye tangazo.

Niwaonyeshe siku ya amri inavyokuwa. Fuso la nyanya limepakiwa jana jioni shambani. Linafika mpakani alfajiri, linaambiwa subiri. Saa sita mchana jua la Namanga linachoma turubai. Kufika jioni tenga za chini zinaanza kuchuruzika, maji mekundu yanadondoka kwenye lami na nzi wanajaa. Dereva anapiga simu kwa mwenye mzigo, mwenye mzigo ananipigia mimi, mimi sina jibu kwa sababu ofisa wa dirishani naye hana jibu. Amepokea ujumbe kwenye simu tu kwamba asipitishe. Siku ya pili mwenye gari anauliza gari lake likae bila kazi kwa malipo ya nani. Siku ya tatu nyanya zinamwagwa korongoni au zinagawiwa mbuzi wa Wamaasai. Mwenye mzigo alichukua mkopo, na mara nyingi si wa benki, ni ule wa "kausha damu" unaohesabu riba kwa wiki. Mpaka ukifunguliwa baada ya siku kumi, kwenye vyombo vya habari inaandikwa kwamba mgogoro umemalizika kwa amani. Mwenye mzigo ameshauza kiwanja.

Huko Ulaya wenzetu wameonyesha jinsi hata nchi tajiri inavyoumia. Uingereza ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016, ikatoka rasmi Januari 2020, na soko la pamoja ikaliacha mwisho wa mwaka huo. Ilikuwa na zaidi ya miaka minne ya kujiandaa, wanasheria wa kutosha, bandari za kisasa na sarafu inayokubalika dunia nzima. Pamoja na hayo, ofisi yake huru ya kukadiria bajeti inasema kwamba kwa muda mrefu tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa bila kutoka. Hakuna siku moja ambapo asilimia hizo 4 zilianguka kwa kishindo. Zinavuja mwaka hadi mwaka kupitia fomu za forodha, vyeti vya mifugo, na muuza samaki mdogo aliyeona kuuza Ufaransa hakulipi tena. Magharibi mwa bara letu, Mali, Burkina Faso na Niger ziliacha ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, na siku hiyohiyo ECOWAS ikalazimika kuwaomba wanachama wake waendelee kutambua pasipoti na bidhaa za nchi hizo hadi itakapotangazwa vinginevyo, kwa sababu maisha ya watu yamefungamana na hayawezi kukatwa kwa tangazo. Nchi zote tatu hazina bahari.

Najua malalamiko yapo na mengine ni ya haki. Hata yale ya miaka ya sabini yalikuwa ya haki: viwanda vilirundikana Kenya, na kodi maalumu ya kusawazisha iliyowekwa kwenye mkataba wa 1967 haikutosha kuondoa tofauti hiyo. Leo mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anaogopa mgeni mwenye mtaji mkubwa anayeuza rejareja mlangoni pake, na hofu yake naielewa. Lakini amri iliyoandikwa kwa ajili ya huyo mgeni wa mbali ilimgusa pia Mkenya fundi simu aliyeoa Arusha, ambaye Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, ilimwambia kwamba anaweza kuishi na kufanya kazi hapa. Lipo tatizo la kutatua hapo. Kulitatua kunahitaji watu kukaa, kusoma itifaki ibara kwa ibara na kuandika upya kinachostahili kuandikwa upya, kwa saini za wote.

Waheshimiwa, nina maombi, na ninaamini yote yako ndani ya uwezo wenu kwenye mkutano mmoja.

Serikali yoyote inayotaka kufunga mpaka, kuzuia bidhaa au kuzuia watu wa nchi mwanachama, itoe kwanza hesabu kwa maandishi, hadharani: ni mizigo mingapi itaathirika, mapato kiasi gani yatapotea, ni kina nani watalipia. Pakiwa na dharura ya kweli, ugonjwa au vita, hesabu ije ndani ya siku chache baada ya amri. Na mzigo ulioshapakiwa na kulipiwa kabla ya tangazo uachwe upite, au mwenyewe afidiwe. Hili la mizigo iliyo njiani peke yake lingeokoa familia nyingi.

Lipeni michango ya Jumuiya kwa wakati. Mnapochelewesha, vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vinaahirishwa na watumishi wa Sekretarieti wanakaa bila kujua mwezi ujao utakuwaje. Miaka ya sabini pia tulianza kwa kushikilia pesa. Na kwa kuwa hao watumishi ni watoto wa watu kama walivyokuwa wale wafanyakazi wa reli, wekeni pensheni zao kwenye mfuko ambao ugomvi wenu hauwezi kuugusa.

Mwisho, mahakama. Tunayo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iko Arusha, na mkataba unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri huko akiona sheria au amri ya serikali inakiuka mkataba. Lakini Ibara ya 30 inampa miezi miwili tu. Miezi miwili, kwa mtu ambaye mzigo wake umeoza, ambaye anadaiwa, ambaye hajui hata kwamba mahakama hiyo ipo! Atakapokuja kusikia habari zake, muda umeisha. Ongezeni muda huo uwe angalau mwaka, na tangazeni kwenye kila kituo cha mpakani, kwa Kiswahili, kwamba haki hiyo ipo na inadaiwa wapi. Sisi mawakala tutawaeleza wateja wetu jinsi ya kuitumia.

Wenu mtiifu,

Wakala wa forodha,
Namanga